Karani wa mizani karudi

Newala, 18 Septemba 2022

Ndugu yangu wa Mbagala,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa mama, lile goti limemrudia. Mikorosho imeshika vizuri mwaka huu, ile ya bondeni mabibo yameshaanza kupiga rangi. Wanao niliwaona Ijumaa kwa bibi yao, hawana neno, mdogo kang'oka meno mawili ya mbele na anayaonyesha kila mpita njia.

Juzi kwenye simu ulinifokea, tena nilikuwa nimeweka spika, mke wangu akasikia yote. "Mwizi wenu mmemtoa jela?" Nikaanza kujieleza, salio likakata. Ndiyo maana nakuandikia. Nina jambo la kukwambia ambalo hata salio lingekuwepo nisingeliweza kwa simu.

Kwanza, yule karani aliyetupunja mizani ya korosho hajaachiwa. Hapa kijijini nusu ya watu wanasema kapata msamaha wa Rais, na wewe huko umeletewa hivyo hivyo. Msamaha ni ule wa Aprili 26 au Desemba 9: majina yanatoka, mtu anakunja kilicho chake, kwaheri. Ule wa Desemba 2019, walipotajwa wale 5,533, yeye alikuwa na miezi minne tu pale gereza la Lilungu. Haukumgusa. Hii aliyopata ni parole. Bado ni mfungwa, ila anamalizia kifungo chake nyumbani kwake, na sisi majirani ndio ukuta.

Hesabu yake ni hii. Alipigwa mvua sita. Mfungwa akikaa vizuri theluthi moja anasamehewa, kwa hiyo angetoka Agosti mwakani hata kama hakuna mtu aliyenyanyua kidole. Sasa kuna sheria ya bodi za parole, ya tangu 1994, kwamba mwenye kifungo cha miaka 4 au zaidi, akishatumikia theluthi na mwenendo wake ukawa mzuri, anaweza kupendekezwa amalizie nje kwa masharti. Wa unyang'anyi wa silaha, wa dawa za kulevya na wa kifungo cha maisha hawamo. Mwizi wa korosho zetu yumo. Jina linapita bodi ya mkoa, linapanda ya taifa, mwisho linatua mezani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hiyo ya taifa mwenyekiti wake alikuwa mzee Mrema, huyu aliyefariki mwezi uliopita. Mrema yule yule wa kuwapa watu "siku saba" alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani! Sisi tuliokua tukisikia redioni anavyowatia watu tumbo joto, nani angedhani uzeeni kazi yake itakuwa kufungulia watu mlango.

Machi wakaja maofisa wawili, mmoja wa magereza, pamoja na mtendaji wetu wa kijiji. Tukaitwa wote tuliopunjwa mizani msimu ule wa 2017, tukakaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Maswali yao yalikuwa ya kawaida kabisa, nikashangaa. Akirudi atalala wapi? Nani atamlisha? Mtamdhuru? Kuna mtu ana kinyongo? Bibi mmoja wa juu kule akawaambia kinyongo anacho, tena cha kutosha, lakini mke wa yule bwana anakuja kwake kila wiki kuomba unga, na amechoka kumlisha mke wa mwizi wake. Watu wakacheka. Afisa hakucheka, aliandika.

Ilipofika zamu yangu nikasema arudi. Usidhani ni huruma. Wewe unajua nilipeleka kilo 412 nikaandikiwa 212, tena mwaka ambao bei ilikuwa imepanda kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Bati za nyumba yangu zilikuwa ndani ya zile kilo 200. Msimu uliofuata ndio ule korosho zilinunuliwa na serikali kwa shilingi 3,300 kilo zikabebwa na magari ya jeshi, na mimi fundi nilikuwa nimeshamrudisha kwao. Niliwaza hivi: akiwa ndani analima shamba la gereza, mimi sipati hata jembe moja. Akiwa nje ana mikono miwili, na mimi nina ekari nne za kufyeka.

Sasa lile lenyewe. Wakauliza, marehemu mzee wenu, huyu aliyeandikiwa gunia tatu pungufu, upande wake nani anausemea? Watu wakanigeukia mimi. Nilipaswa kusema mwanawe yuko Dar, namba yake hii hapa, apigiwe. Nikasema, "Mimi." Nikaweka sahihi mara mbili, ya kwangu na ya kwenu. Mzee alikufa akiidai stakabadhi ile, wewe ndiye uliyeikuta chini ya mto wake, na mimi nikamsemea kama vile ndiye aliyenizaa. Miezi sita nimekaa na hili. Ukinifokea tena, nifokee kwa hilo, maana la kumtoa jela si langu.

Alikuja Juni. Nilitaka nimwone kwanza kabla sijaamua nimchukieje, nikakaa wiki tatu sijakwenda. Masharti yake anayajua kwa moyo: aripoti kila mwezi, asitoke nje ya wilaya bila ruhusa, asiingie kwenye kosa lolote, la sivyo anarudi ndani kumalizia. Kuna mtu alimtaka akapakie mizigo Masasi, kwa siku analipa vizuri. Akakataa. Masasi ni wilaya nyingine.

Nikuambie nilichokiona siku ya sensa. Nilikuwa kwake nimefuata jembe langu, tumekaa kwenye mkeka, mtoto wake wa mwisho anachezea maganda. Akaingia karani, binti mdogo tu, kishikwambi mkononi, ana haraka zake. "Shikamooni, nimekuja kuwahesabu." Hapo hapo yule bwana akateleza kutoka kwenye mkeka akachuchumaa, mikono juu ya magoti, macho chini. Mtu mzima, mbele ya mwanawe. Kule ndani hesabu ni asubuhi na jioni, wanachuchumaa wawili wawili, na mwili wake ulikuwa haujapata habari kwamba umetoka. Mtoto akadhani ni mchezo, akaenda kuchuchumaa pembeni yake ili wawe wawili. Binti hakuelewa kitu, akauliza usiku wa kuamkia tarehe 23 ulilala wapi. Akajibu, "Hapa, afande."

Mkewe akaingia ndani. Mimi nikajifanya naangalia mpini wa jembe.

Sikuandikii hayo ili umhurumie. Kesho yake nilikwenda kumkumbusha deni langu, na alikuja. Kashafyeka na kufagia chini ya mikorosho ekari mbili, anafanya kazi kama anasimamiwa, hali ugali mpaka aambiwe kula, na akila anamaliza kabla hujanawa. Tumekubaliana namkata deni kwa ekari. Mizani haigusi. Msimu ukifunguliwa wiki chache zijazo tutakuwa tunapima pale pale ghalani, na nilimuuliza kama atakwenda kuangalia. Akasema siku za kupima atakuwa ana safari ya kisimani. Wewe unajua umbali wa maji yetu.

Kuna jingine. Shamba la mzee, lile la njia panda, mwezi uliopita nimelikuta limefyekwa mpaka kwenye mpaka wa mkonge. Sikumtuma. Nilipomuuliza hakukana, alisema tu kwamba gunia tatu ni nyingi. Sijamwambia aendelee wala aache. Safari hii nimejifunza, shamba ni lenu.

Umesema unakuja Maulidi. Njia ya kwenda kaburini inapita mlangoni kwake, hakuna nyingine, labda tuzunguke kwa kina bibi, na mama na goti lake hawezi. Basi nijibu mapema mambo mawili. Aendelee na shamba au aache? Na siku hiyo akuone, au nimwambie ashinde porini mpaka upite? Utakavyosema ndivyo nitakavyompelekea, maneno yako yenyewe, siongezi la kwangu.

Barua hii nampa dereva wa basi pamoja na kilo mbili za korosho alizobangua mama. Zipo na za mkeo humo, usizimalize njiani kama mwaka jana.

Ni mimi nduguyo.