Barua kwa mpwa wangu anayehamia Vickerstown

Mpwa wangu mpendwa,

Hongera kwa kazi uliyoipata kwenye kiwanda cha meli cha Barrow-in-Furness, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mama yako ameniambia nyumba utakayopanga iko Vickerstown, ng'ambo ya daraja, kisiwani Walney. Nimeisoma sana historia ya mahali hapo, na nataka uijue kabla hujazoea kupita tu.

Kampuni ya Vickers ilikinunua kiwanda hicho mwaka 1897, na kazi ya kuunda manowari ikapamba moto. Watu wakamiminika Barrow kutafuta ajira hadi nyumba za kupanga zikawa adimu. Ndipo kampuni ikaamua kujijengea mji kisiwani. Kufikia 1904 zilikuwa zimesimama nyumba zipatazo 950, bora kuliko vyumba vya msongamano walivyotoka wengi wao. Hilo silikatai. Ila tembea uone jinsi vyeo vya kazini vilivyohamia mitaani: wakubwa nyumba pana karibu na maji, wanyapara za wastani, mafundi safu za nyumba zilizoshikana.

Kinachoniuma ni kwamba aliyekulipa mshahara ndiye aliyekudai kodi. Fundi akikorofishana na bosi wake mchana, jioni anarudi kulala kwenye nyumba ya bosi huyohuyo, na mke na watoto wanajua hivyo.

Halafu daraja. Watu walihamishiwa kisiwani kwanza, daraja likaja baadaye, mwaka 1908. Kabla ya hapo kwenda kazini kulitegemea kivuko. Na hata lilipojengwa, kuvuka kulitozwa ushuru. Ulikuja kufutwa mwaka 1935, kwenye jubilei ya Mfalme George V, ndiyo maana linaitwa Jubilee Bridge. Miaka 27 ya kulipia njia ya kwenda kibaruani! Nadhani hakuna jambo linaloeleza maisha ya pale vizuri kuliko hilo.

Utakapofika, soma vibao vya mitaa. Niobe, Amphitrite, Vengeance, King Alfred: zote ni manowari zilizoundwa hapohapo Barrow. Kuna na Mikasa Street. Mikasa iliundwa kwa ajili ya Japani, ikashushwa majini mwaka 1900, na mwaka 1905 Admirali Togo wa Japani aliongoza vita vya baharini vya Tsushima, dhidi ya Urusi, akiwa ndani yake. Mpaka leo imehifadhiwa Yokosuka, huko Japani, watu wanaitembelea. Naifurahia heshima hiyo, lakini naona haijakamilika, kwa sababu meli haijiundi. Kuna waliopinda yale mabamba ya chuma na kuyagongelea pamoja kwa nyundo, mvua na baridi ya bahari vikiwapiga.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Majirani zako wazee, wale ambao babu zao walikuwa kiwandani, wapigie hodi. Waulize babu alifanya kazi gani, aliishi nyumba namba ngapi, kodi ilikatwaje. Wakikubali, yaandike, kisha uniletee nisome.

Mjomba wako