Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Mizani

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu kila mwaka niseme tulichofanya, nanyi mna haki ya kunihoji. Mwaka jana nilisoma kurasa nane, wazee wetu kutoka Rondo wakasinzia. Safari hii nimepunguza, isipokuwa sehemu moja ambayo nimeiacha ndefu makusudi: ile ya maji yaliyojificha ndani ya korosho na ndani ya mbao. Huko ndiko tulikogombana, na huko ndiko pesa zetu zinakovujia.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kamati ya utafiti ilipima vipande vya mtondoro, mti wa mbao, uliokatwa karibuni. Kimoja kilikuwa na gramu 150 kikiwa kibichi, na gramu 100 kilipokaushwa kabisa. Nikachukua kikokotoo, gramu 50 za maji nikagawanya kwa 150, nikawatangazia kwamba unyevu ni asilimia 33. Kwa korosho na karanga hesabu hiyo ni sahihi, maana watu wa mazao hugawanya kwa uzito wa zao likiwa na maji yake. Watu wa mbao hawafanyi hivyo. Wao hugawanya kwa uzito wa mbao kavu, kwa hiyo kipande kilekile kwao ni asilimia 50. Mimi ni mkulima wa mikorosho tangu nizaliwe, sikulijua hilo, na sikuuliza.

Fundi wetu seremala wa huko Mtama akaiamini namba yangu. Akahesabu siku za kuanika kuanzia hapo, akaunga milango, ikapelekwa Dodoma. Miezi mitatu haijaisha, simu ikaja: kati ya mbao na mbao kidole kinapita.

Tulipowauliza wataalamu wa misitu wakatueleza vizuri, na naomba kila seremala alishike hili. Maji ya kwanza kutoka kwenye mbao ni yale yaliyojaa kwenye matundu yake, na yakitoka mbao haibadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kwa hesabu ya watu wa mbao, yanaanza kutoka maji yaliyoshikwa na kuta zenyewe. Hapo ndipo mbao inaposinyaa. Tena haisinyai sawasawa: kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kwenye kiini kwenda gandani, ndiyo maana ubao hujikunja kama kigae. Na hewa ya huku pwani ina unyevu mwingi. Mbao unayoiona kavu Lindi, ukiifikisha Dodoma inaendelea kukauka. Fundi hana lawama. Chama kimemrudishia sehemu ya hasara, mweka hazina atawasomea kiasi.

Sasa korosho. Mnakumbuka ugomvi ghalani: mnunuzi mmoja alichomeka kipimo chake cha mkononi kwenye gunia, akasema korosho mbichi, rudini mkaanike. Mama mmoja wa Ndanda alikuwa ameanika siku tatu juani kwenye turubai, na ukizitikisa zinagonga kama njuga. Akalia pale pale. Tulichofanya, badala ya kutukanana, tuliomba kilo mbili za gunia lile tukazifunga kwenye nailoni. Tukazipasua, tukazipima, tukaziweka kwenye oveni, tukawa tunazitoa na kuzipima tena mpaka uzito ukaacha kushuka. Jibu likawa ndani ya kiwango. Kipimo kile cha mkononi hakipimi maji, kinapima jinsi umeme unavyopita au unavyoshikwa kwenye kitu, halafu kinakisia maji. Lazima kirekebishwe kwa zao lenyewe, na joto la mchana hukiyumbisha. Cha bwana yule kilikuwa kimewekwa kwa zao jingine. Alipooneshwa alikubali, na kwa hilo namshukuru.

Zipo sampuli tulizoziharibu pia. Usiku mmoja umeme ulikatika ukarudi alfajiri, kijana wa zamu amelala, na trei nzima ya karanga ikageuka mkaa. Mzee wetu mmoja akatania kwamba angalau sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haimo tena.

Wapo wanaonong'ona kwamba wakulima hatuna kazi na maabara. Mimi nawauliza: kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa bakuli nje ya mfumo rasmi, ni nini kama si kipimo kilichoshikwa na mtu mwingine? Bakuli lake, macho yake, hesabu yake. Tumelalamika miaka yote juu ya bakuli, na mizani tukawaachia walewale.

Kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nitasema machache, maana maafisa ugani wamesema mengi. Vijana wengi hapa hawajui kwamba nchi hii ilivuna tani 145,000 hivi za korosho msimu wa 1973/74, kisha katikati ya miaka ya 1980 ikashuka chini ya 20,000. Kuhamishiwa vijijini, bei mbaya na ukungu huu vilitukuta kwa pamoja. Utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, juu ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, na juu ya miche bora ndio uliotunyanyua. Lakini salfa nayo ina deni lake: inayodondoka chini hugeuzwa tindikali na vijidudu vya udongo, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuihimili. Tumeanza kupima uchachu wa udongo chini ya mikorosho na nje ya kivuli chake. Mwaka mmoja hautoshi kusema lolote, kwa hiyo sisemi. Ninachoomba ni kupuliza alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia, ili iende kwenye maua.

Misitu ya vijiji inaendelea. Wenzetu wa Kilwa walipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuuharibu, mwaka 2009, na mpingo wao ukauzwa kwa jina la kijiji. Sisi bado. Kamati yetu imepima vipande vya kiini cha mpingo, na vyote vimezidi uzito wa maji ya ujazo uleule. Watoto wa shule walikuja kuona vinazama kwenye ndoo, wakadhani ni mazingaombwe. Ila mti huo huchukua miongo mingi mpaka kufikia kuvunwa, na nimewakatalia waliotaka tuanze kuvuna kabla hatujamaliza kuuhesabu. Mkitaka kuniondoa kwa kura kwa sababu hiyo, sawa.

Ada: waliolipa ni wengi kuliko mwaka jana, wasiolipa wanajijua.

Kamati inaomba kibali cha kununua mizani ya pili yenye kusoma sehemu ya kumi ya gramu, pamoja na betri ya kuilinda oveni umeme ukikatika. Bei tatu za maduka zimebandikwa ukutani.

Anayetaka korosho zake zipimwe Jumamosi aje na kilo moja, iliyochanganywa kutoka juu, katikati na chini ya gunia. Zifungwe kwenye nailoni na kukazwa mdomo palepale shambani. Mfuko wa kitambaa hatutaupokea, unyevu unashukia njiani.