Barua ya malalamiko: mmewaahidi watoto pomboo katika mji ambao akwariamu yake haina pomboo

Lubumbashi, tarehe 12 Mei

Kwa Bwana Mkurugenzi wa shirika la safari,
Lubumbashi

Kuhusu: safari ya wanafunzi 14 kwenda kuona akwariamu ya Cape Town, mwezi wa Julai

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya komine ya Kamalondo. Nakuandikia kwa niaba ya wazazi 14 waliowalipa akonti, yaani malipo ya kwanza, ya dola 600 kila mmoja, yaani dola 8,400 kwa jumla. Risiti zote ninazo, na kila moja ina muhuri wenu. Tulikubaliana mapema mwezi wa Aprili, ofisini kwenu, mbele ya wazazi wawili. Wiki iliyopita mlinitumia programu ya safari. Nimeisoma mara tatu. Haifanani na makubaliano yetu, na matangazo yenu yana jambo moja ambalo halipo kabisa Cape Town. Nianze na hilo.

Karatasi yenu ya matangazo ina picha kubwa ya pomboo wawili wakiruka juu ya maji, na chini yake mmeandika: "Onyesho la pomboo, Cape Town". Karatasi hiyo hamkunipa mimi peke yangu. Mfanyakazi wenu alikuja nayo shuleni akawagawia watoto, mmoja mmoja, mkononi. Tangu siku hiyo darasa zima linazungumza pomboo. Msichana mmoja ameichora picha ile kwenye jalada la daftari lake la sayansi kwa kalamu ya bluu: pomboo wawili hewani, na pembeni mtu mdogo aliyebeba mfuko mgongoni. Nilimuuliza huyo mtu ni nani. Akanijibu, "Ni miye, Madame."

Bwana Mkurugenzi, akwariamu ya Cape Town haina pomboo. Inaitwa Two Oceans Aquarium, iko bandarini, V&A Waterfront, na imefunguliwa tangu mwaka 1995. Ina papa, ina samaki taa, ina kasa, ina pengwini, ina samaki wa bahari mbili, ya Hindi na ya Atlantiki, na ndiyo maana ya jina lake. Pomboo hawamo. Onyesho la pomboo liko uShaka Marine World, ambayo ilifunguliwa mwaka 2004 katika mji wa Durban, upande wa pili wa Afrika Kusini. Ni nchi moja, ndiyo, lakini kutoka Cape Town hadi Durban kwa barabara ni kama kilomita 1,600. Mtu mwenye kazi ya kuuza safari anapaswa kulijua hilo kabla mwalimu wa darasa la sita hajalijua.

Nilipogundua kosa nilikuja ofisini kwenu mwenyewe. Sikuja na hasira. Nilidhani ni mtu wa kupanga karatasi aliyekosea picha, na kwamba mtashukuru kuambiwa mapema. Kijana wenu wa kaunta aliitazama karatasi, akanitazama, akasema, "Mama, samaki ni samaki. Batoto batafurahi tu." Nikamwambia pomboo si samaki, anapumua hewa kama sisi na kunyonyesha mtoto wake, na kwamba watoto wangu wanajua hivyo kwa sababu ndiyo niliyowafundisha. Akaenda ndani, akarudi na jibu la mkubwa wake: Durban inaweza kuongezwa "siku hiyohiyo", tukilipa dola 200 zaidi kwa kila mtoto. Siku hiyohiyo! Asubuhi Cape Town, mchana Durban, jioni kurudi Cape Town kulala, na watoto wa miaka kumi na moja. Sikuamini kwamba mtu aliyetoa jibu lile alikuwa amefungua ramani.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma, maana naona kwenu limechukuliwa kama ugomvi wa picha.

Watoto hawa wanaishi mbali na bahari kila upande. Wanamjua samaki wa Kasenga, wanamjua tilapia, na aliye na ndugu Kalemie anamjua mikebuka. Samaki wa bahari wanayemjua ni mmoja tu, tomsoni, yule wa barafu anayefika Lubumbashi katika katoni. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja anamuuza katika soko la Kenya, komine ya hapahapa Lubumbashi. Kila alfajiri anazipasua katoni kwa kisu, anawatenganisha samaki walioshikana kama tofali, na kijana wake anamsaidia kabla ya kuja shule. Siku moja kijana huyo aliniuliza darasani: tomsoni akiwa hai, anafungua macho namna gani? Safari hii ilizaliwa na swali hilo. Haikuzaliwa na matangazo yenu.

Tulianza kuitafuta njia ya yule samaki. Wengi wa tomsoni tunaokula wanavuliwa Namibia, katika maji baridi ya mkondo wa Benguela, ambao unapanda kutoka kusini ukiambaa pwani ya magharibi ya Afrika. Mkondo huohuo ndio unaoipa pwani ya Cape Town msitu wake wa chini ya maji, ule mwani mkubwa unaosimama kama miti. Na msitu huo, ukiwa hai, umepandwa ndani ya Two Oceans Aquarium, ukitazamwa kwa kioo. Hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini kama mmea wa mahindi. Unashika mwamba kwa kitu kama vidole, na chakula chake unakitoa kwenye maji yanayopita kwenye majani. Kwa hiyo ndani ya tangi maji lazima yasukumwe kwa mashine, yaende na kurudi kama mawimbi, la sivyo mwani unakufa. Nilipowaeleza hivyo watoto wangu walisimama wakayumba wote pamoja katikati ya madawati, kushoto na kulia, na mimi sikuwazuia.

Mumeona tunachokwenda kutazama? Tunakwenda kutazama maji alikotoka chakula cha nyumbani kwetu.

Tumejiandaa tangu Februari. Tulisoma kwamba tangi kubwa mojawapo lina lita milioni 1.6, nikawaambia wagawe kwa bidoni ya lita 20, ile wanayochotea maji nyumbani. Jibu ni bidoni 80,000. Waliandika hesabu ile ubaoni wakaiacha wiki nzima. Tulisoma pia habari za kasa aliyeitwa Yoshi, aliyekaa pale miaka mingi tangu akiwa mdogo, kisha Desemba 2017 wakamrudisha baharini akiwa na kifaa cha satelaiti mgongoni. Aliogelea kilomita 37,000 hivi hadi pwani ya Australia. Ramani ya darasa letu ina uzi mwekundu unaofuata njia yake, umebandikwa kwa ubani wa kutafuna maana pini ziliisha. Hayo yote ni ya kweli, na yanatosha. Hatukuhitaji kuongezewa pomboo.

Ninyi mmeyaweka wapi katika programu yenu? Jumamosi, siku ya nne, baada ya "kununua zawadi" kwa saa tatu: "Akwariamu, saa 11:15 jioni hadi saa 12:00." Dakika arobaini na tano. Wakati wenyewe ni ule ambao mahali kama pale panajiandaa kufunga, watoto wamechoka, miguu inauma, na mifuko ya zawadi iko mkononi. Saa tatu za maduka kwa safari ambayo jina lake kwenye risiti zenu ni "ziara ya akwariamu"!

Katika makubaliano ya Aprili tuliandika asubuhi nzima, siku ya kazi na si mwisho wa juma, na nafasi iwekwe mapema kama kikundi cha shule. Sababu nilizitaja moja baada ya nyingine. Asubuhi watoto wana akili mpya. Jumamosi ya Julai watu ni wengi, hasa ikiangukia likizo ya shule za kule, na mtoto mfupi nyuma ya watu wazima haoni kioo, anaona migongo. Na akwariamu ile ina walimu wake na masomo kwa ajili ya wanafunzi, lakini huwezi kufika mlangoni na watoto 14 ukategemea mwalimu anakusubiri. Nafasi lazima iombwe. Niliwauliza kwa simu kama mmeomba. Nikaambiwa tiketi zitanunuliwa "palepale".

Jambo jingine la programu: siku zote za nje mmezipanga mwanzoni na akwariamu mwishoni. Sisi hapa Julai ni baridi na vumbi, hakuna tone la mvua, kwa hiyo naelewa mtu wa Lubumbashi anavyoweza kujisahau. Cape Town ni kinyume. Mvua zake ni za Juni hadi Agosti, pamoja na upepo. Ziara ya ndani ya nyumba ndiyo inayofaa kuwa na nafasi ya kusogezwa: mvua ikinyesha Jumatano tunaingia akwariamu, jua likitoka tunakwenda mlimani, Table Mountain. Ninyi mmeifunga Jumamosi jioni, saa chache kabla ya kurudi, mahali ambapo haiwezi kusogea tena. Na habari za mlima wenyewe mngeuliza: kila mwaka katika majira haya gari lake la kamba husimamishwa kwa matengenezo, na programu yenu haisemi mmehakikisha tarehe.

(Na maneno "mahali bahari mbili zinapokutana" chini ya picha ya Cape Point, tafadhali yaondoeni. Mpaka rasmi wa bahari hizo uko Cape Agulhas, mashariki zaidi. Watoto wangu walikuwa wa kwanza kuliona.)

Kuhusu vyeti vya kuzaliwa na barua za ruhusa za wazazi wote wawili kwa ajili ya viza, nimeshangaa tu kwamba ni mimi niliyewakumbusha. Tumekwisha vikusanya. Viko tayari.

Nirudi kwenye pesa, kwa sababu naona mnatuhesabu kama watu wa kubembelezwa. Wazazi hawa wengi walizipata akonti zao kwa likelemba. Kila mmoja alichukua pesa za zamu yake akaja kwenu nazo zote, na wengine wakasubiri. Yule mama wa soko la Kenya alikuwa wa mwisho. Alinipa dola 600 zikiwa zimefungwa katika kitambaa, noti ndogondogo, zinanuka samaki, akaniomba radhi kwa harufu. Nilizileta mwenyewe ofisini kwenu. Mhasibu wenu alizihesabu mara mbili, akarudisha mbili kwa sababu zilikuwa zimechanika pembeni, na mimi nikazibadilisha kwa zangu. Kazi yenu kwenye noti mnaifanya kwa makini. Nilitegemea makini hayohayo kwenye programu.

Na kuna jambo ambalo haliko kwenye risiti. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya darasa. Mwaka mzima nimewaambia watoto: msikubali kitu kwa sababu kimechapishwa vizuri, kaangalieni kwanza. Halafu karatasi yenye pomboo ikaingia darasani mwangu na mimi nikiwepo, na siku ile sikusema kitu kwa sababu nami niliiamini. Jumatatu iliyopita nimewaambia ukweli. Wengine walinyamaza. Yule msichana aliligeuza daftari lake kifudifudi juu ya dawati na hakuligeuza tena mpaka kengele.

Kwa hiyo tunaomba haya, na tunaomba kwa maandishi.

Programu mpya yenye asubuhi nzima ndani ya akwariamu, kati ya Jumanne na Alhamisi, pamoja na uthibitisho kutoka akwariamu yenyewe kwamba kikundi chetu cha shule kimepokelewa. Bila nyongeza ya hata dola moja, maana ndicho tulichonunua. Saa za maduka zipunguzwe, moja inatosha. Karatasi ya pomboo iondolewe kwenye kaunta yenu, kwa sababu kuna shule nyingine ambazo zitaichukua baada yetu. Na barua fupi iandikwe kwa watoto wenyewe, na jina la mkubwa wa ofisi chini yake, ikisema kwamba ninyi ndio mliokosea. Hiyo ya mwisho nisingependa ipuuzwe. Wao ndio walioahidiwa.

Ikiwa hamuwezi, basi rudisheni dola 8,400 zote kabla ya tarehe 31 Mei, pamoja na nakala za paspoti na vyeti mlivyokwisha kupokea, ili tupate muda wa kutafuta shirika jingine kabla ya likizo kubwa. Msitukate gharama za "kufungua faili". Tulipouliza mwezi wa Aprili tuliambiwa hazipo.

Barua hii nimeitoa nakala mbili. Nitaileta kwa mkono, na naomba nakala yangu igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Nitarudi kuchukua jibu Jumatano ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, pamoja na mama wa soko la Kenya na mzazi mwingine mmoja. Hatutakuja kupiga kelele. Tutakaa kwenye viti vyenu vya kusubiria mpaka programu iliyosahihishwa au pesa ziwe mezani.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la sita,
kwa niaba ya wazazi 14 na watoto wao