Ndimu Alizikata Mke Wangu

Shikamoo shangazi.

Saa kumi kasorobo alfajiri, nimekaa jikoni na ile taa ya juu ya jiko tu, kwa hiyo ukiona nimerukaruka maneno unisamehe. Huu ni usiku wa nne tangu nimpigie mama kelele kwa ajili ya sarafu zangu. Niseme kwanza kwamba sikumtukana mama. Tanga kote wameshaambiwa nimemtukana, dada yangu mkubwa kanipigia simu kuniuliza nimekunywa nini. Sikumtukana. Nilimuuliza, "Nani amekutuma?" Basi. Najua si maneno ya kumwambia mzazi, lakini si tusi.

Na ndimu alizikata mke wangu. Hilo hakuna anayelisema.

Mambo yenyewe ni peso zangu. Sisi madereva wa malori unatujua, kila mtu ana chake cha kumtoa upweke. Mimi napeleka mzigo Laredo, mpakani na Meksiko, mara mbili kwa wiki, narudi Houston. Wenzangu wana kamari, wana wanawake wa vituoni. Mimi nina sarafu za fedha za Meksiko, 31, ndani ya boksi la viatu. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nilianza na moja ya 1933 niliyopewa na dereva mwenzangu, halafu kuna mzee mmoja pale Laredo anayeuza kwenye gulio akanifundisha kuzisoma: Mo ni kiwanda cha Jiji la Meksiko, Zs ni Zacatecas, Go ni Guanajuato, upande huu kofia ya uhuru yenye miale, upande huu tai juu ya mpungate na nyoka mdomoni. Na somo la kwanza kabisa, kabla hajanionyesha hata moja, lilikuwa: usioshe. Fedha ikikaa miaka mia inavaa utando, mweusi kwenye kingo, mahali pengine buluu kidogo, na wanaojua wanaulipia ule utando. Ukiusugua umeng'oa ngozi ya fedha yenyewe. Haioti tena.

Sasa Alhamisi nimerudi, nimechoka, nafungua mlango nasikia vicheko. Zimepangwa mezani juu ya taulo la jikoni, mistari minne, kama vitumbua vinavyochujwa mafuta. Zinang'aa zote. Mswaki wa zamani wa mtoto uko pembeni, dawa ya meno, magadi, na maganda ya ndimu kwenye kisahani. Mama ananitazama anatabasamu, vidole vyeupe kwa magadi. "Mwanangu, uliziacha zikaota kutu."

Alikuwa anatafuta kanzu yangu aipige pasi. Akalikuta boksi. Alizitoa kwenye vile vikadi vyenye dirisha la plastiki, pini za stepla akazing'oa kwa kisu moja moja, vikadi akavipanga vizuri na kuvifunga kwa mpira, maana aliona vina maandishi akajua ni kitu. Ila sasa kikadi kipi ni cha sarafu ipi, Mungu ndiye ajuaye. Kuna moja ya reale nane, sarafu kubwa ya fedha ya zamani, ina vialama vya wafanyabiashara wa China, walikuwa wakizigonga mihuri yao kuthibitisha kwamba ni fedha safi. Mama kadhani ni uchafu ulioganda. Kaviparua kwa ncha ya kisu kile kile.

Na ile ya farasi. Ya 1910, Wameksiko walipotimiza miaka mia tangu waanze kudai uhuru wao, mwanamke juu ya farasi ameinua mwenge, jua linachomoza nyuma yake. Zilitengenezwa miaka mitano tu, mpaka 1914. Yangu ilikuwa na ule mng'ao wa kiwandani kwenye ubavu wa farasi, ukiigeuza taa inatembea juu yake. Hiyo ndiyo aliyoisugua sana, kwa sababu, anasema, ndiyo nzuri. Nimeiweka chini ya lenzi. Mikwaruzo kama nywele, inazunguka, inazunguka.

Jumamosi nimezipeleka kwa yule mzee. Alizitazama tatu, akazirudisha kwenye taulo, akaniuliza kama nataka azipime kwa uzito, kama fedha chakavu.

Hapo ndipo unielewe kwa nini ile Alhamisi nilipiga kelele. Mama hakujibu kitu. Aliosha mikono, akaingia chumbani. Mke wangu, aliyekuwepo muda wote, aliyekata ndimu kwa mkono wake, aliyejua sitaki hata mtoto aziguse, ananiambia mimi ndiye sina adabu. Nikamuuliza kwa nini hakumzuia. Akasema, "Si wewe uliyesema ni vitu vya mchezo?"

Ni kweli nilisema. Nilimwambia dola 15, ikizidi sana 20. Lakini shangazi, ungemwambiaje mtu mnayechanga naye pesa za nyumba? Ya farasi peke yake ilikuwa dola 340. Ile ya 1761, yenye nguzo mbili na dunia mbili katikati juu ya mawimbi, 520. Zote kwa miaka mitano ni dola 4,870. Na hazikutoka kwenye pesa za nyumba, zilitoka kwenye safari za ziada. Labda mara mbili hivi nilichota kidogo, nikarudisha moja. Sasa nikimwambia leo, ataona nimebuni bei ili nimlaumu. Nisipomwambia, nabaki mtu aliyemliza mama yake kwa vitu vya dola 15.

Binti yangu ndiye kanisimulia mchana ule ulivyokuwa. Bibi yake alipoishika hiyo yenye nguzo alipiga kigelegele. "Reale ya mzinga hii!" Nguzo aliziona mizinga, kama wazee wa pwani kwetu walivyoziita. Akawaeleza jinsi bibi yake mwenyewe alivyokuwa akisafisha reale zake kila ikikaribia Idi, kwa ndimu na majivu. Ndipo mke wangu akainuka akachukua ndimu kwenye friji. Miaka yote hii ya mimi na hizi sarafu, hajawahi kuniuliza hata moja.

Juzi nimekuta leso mezani, mahali pangu pa kula. Ndani bangili ya mama, ile ambayo sijawahi kumwona bila hiyo mkononi. Bibi yake alipeleka reale zake kwa sonara zikafuliwa bangili. Mama hakusema neno, ila kwa mke wangu kauliza, "Itatosha?" Mizani yangu ya sarafu ilikuwa hapo hapo. Niliipima. Gramu 53, reale mbili ukitoa alichobaki nacho sonara. Sijui kwa nini niliipima.

Ameomba arudishwe Tanga. Tiketi imeshabadilishwa, ni Jumamosi, mke wangu ndiye atampeleka uwanja wa ndege kwa sababu mimi nitakuwa barabarani. Pengine ni bora aende, apumzike na mimi nipumzike. Nikisikia mlango wa chumba chake natamani avunje safari. Bangili iko kwenye boksi la viatu. Nikimrudishia ataona nimeikataa, nikikaa nayo je? Na nikimwambia haikuwa kosa lake itabidi nimwambie lilikuwa la nani, na ndimu, shangazi, alizikata mke wangu.

Bomba la bafuni limefunguliwa, anatawadha. Naandika haraka. Ukiichapa barua hii, tafadhali ile hesabu ya dola ifute. Mke wangu husoma safu yako kila wiki.