Nilichungulia Jenfeld

Mhariri,

Naishi Hamburg mwaka wa nane sasa, nahudumia wazee. Bibi mmoja aliposikia natoka Songea, aliuliza tu kama kwetu kuna nyoka. (Baridi ya Juni hakuijua.)

Jumapili nilikwenda Jenfeld, mtaa wa hapa Hamburg, kwenye kambi ya zamani ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Lango lilikuwa na kufuli, nikabana uso kwenye uzio. Ndani kuna sanamu za ukutani za mwaka 1939: ofisa Mzungu na askari weusi, wapagazi na mizigo yao. Nikakumbuka bibi yangu alivyosimulia maghala yaliyochomwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji.

Rais wa Ujerumani, Steinmeier, aliomba radhi Songea mwaka 2023 kwa ukatili huo wa kikoloni. Wenzangu kazini hawana habari. Watanzania mnaofika Hamburg, msiishie bandarini.

Msomaji wenu, Hamburg