Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nani Arudi Jukwaani

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mahudhurio ya vikao yamo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni, kwa hiyo sitayarudia. Shughuli za kawaida zimekwenda vizuri. Vikao vya Jumamosi vya kusikiliza hevi metali, muziki wetu mzito wa magitaa, vimeendelea pale Area C, spika zilizokuwa zikikwaruza zimetengenezwa, na tumepata wanachama wapya, wengi wao vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) waliotuletea bendi za Botswana kama Wrust na Overthrust ambazo wazee tulikuwa tunazisikia kwa jina tu. Kamati tendaji imejituma na ninaishukuru kwa dhati.

Muda wangu uliobaki nauweka kwenye ajenda ya tano: onyesho la kurudiana la bendi ya chama. Hili ndilo lililotugawa mwaka mzima. Limezungumzwa vikaoni, likazungumzwa Sabasaba sokoni, likazungumzwa hata msibani. Wote tunataka bendi irudi. Tunachogombania ni nani aitwe, maana tangu kuanzishwa bendi ile imepitiwa na watu wengi, na kila mmoja wetu ana kikosi chake moyoni.

Upande mmoja unasema tumwite mwimbaji wa pili, yule mwenye sauti ya kukwaruza ambaye vijana wanamjua kwa rekodi zinazozunguka kwenye simu, kisha nafasi nyingine tuzijaze na wapigaji hodari waliopo mjini. Upande wa pili unasema warudi waanzilishi au jambo lote liachwe. Nimewasikiliza wote. Msimamo wangu nautoa wazi, na nitauombea kura: wa kwanza kutafutwa awe mpiga dramu wetu, yule aliyeko Singida. Wengine tuwapange baada yake.

Najua wapo watakaoguna. Katika bendi nyingi mpiga dramu ndiye huonekana rahisi kubadilishwa, kwa sababu anakaa nyuma na picha za mbele ni za mwimbaji na mcharaza solo. Lakini tazameni yaliyowapata Black Sabbath, maana hakuna bendi ya hevi metali iliyolipitia swali hili mara nyingi kama wao.

Walianza Birmingham, Uingereza, mwaka 1968 wakiwa wanne: Ozzy Osbourne kwenye sauti, Tony Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye besi na Bill Ward kwenye dramu. Ozzy alifukuzwa mwaka 1979, na Ward akaondoka mwaka uliofuata. Baada ya hapo waliingia na kutoka watu wengi, na Iommi peke yake ndiye hakuwahi kukosekana kwenye kikosi chochote. Tarehe 11 Novemba 2011 wanne wale walitangaza kwamba wanarudi pamoja, na albamu mpya inakuja. Miezi michache baadaye Ward akajitoa, akisema mkataba aliopewa haukuwa wa kusainika. Albamu ilitoka Juni 2013, dramu zikiwa zimepigwa na Brad Wilk wa Rage Against the Machine. Iliuzika sana, ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Ziara ya mwisho ikafungwa kwao Birmingham Februari 4, 2017, na Ward hakuwepo.

Albamu ile tumeisikiliza pamoja zaidi ya mara moja. Wilk ni mpigaji mzuri, hilo silipingi. Rifu za Iommi, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, zimo na sauti ya Ozzy imo. Kinachokosekana ni ule mwendo wa Ward. Yeye alikulia kwenye jazi, akimpenda Gene Krupa, na ukisikiliza albamu za mwanzo za miaka ya 1970 utamsikia akichelewa kidogo nyuma ya gitaa, kisha akilikimbilia, kisha akiliacha lipite. Uzito wa muziki ule unatoka hapo. Gitaa peke yake lingekuwa na kelele tu.

Sisi wa Dodoma tusingepaswa kufundishwa hili na mtu wa Birmingham. Nani hapa hajasimama kwenye muheme? Wakina mama wa Kigogo wanapopiga ngoma zile, waimbaji hupokezana na wachezaji hubadilishana, lakini mama anayeongoza ngoma akibadilishwa, miguu ya watu inajua kabla ya masikio.

Ndipo ikaja Julai 5, 2025, siku ya onyesho la kuaga la Black Sabbath. Wengi wenu mlikuwa nami usiku ule mbele ya skrini, wakati uwanja wa Villa Park kule Birmingham umejaa na Ozzy ameketi kwenye kiti chake cha enzi kwa sababu ya maradhi ya Parkinson. Ward alirudi. Wanne wale hawakuwa wamepiga pamoja tangu 2005. Walipiga nyimbo nne tu. Kulikuwa na wapigaji wengi siku ile wenye nguvu na kasi kuliko mzee wa miaka 77, na kulikuwa na sehemu ambapo mdundo uliyumba. Hakuna hata mmoja ukumbini mwetu aliyetaka mtu mwingine akae pale. Julai 22 Ozzy akafariki. Laiti wangesubiri mwaka mmoja zaidi ili wamalizane kwanza, kikosi kile kisingepatikana tena.

Kwa sababu ya mkataba ule uliomtoa Ward mwanzoni, napendekeza jambo la pili, na hili ni la katibu hasa: mapatano yaandikwe na kusainiwa kabla hatujabandika tangazo hata moja. Mpiga dramu wetu aliondoka kwa ugomvi wa mgawanyo wa fedha, na wapo humu ndani wanaosema yeye ndiye aliyekosea, wapo wanaosema alidhulumiwa. Mkutano huu si baraza la usuluhishi. Ninachotaka ni kwamba safari hii ajue atapata nini, nauli na malazi yake yanalipwa na nani, na jina lake linakaa wapi kwenye bango, kabla hajafunga mzigo kuja Dodoma. Kutangaza kwanza na kupatana baadaye kumewaaibisha watu wakubwa kuliko sisi.

Sasa kuhusu vijana walioingia baadaye. Kuna hofu kwamba waanzilishi wakirudi, mcharaza gitaa wetu wa sasa atatupwa nje. Sikubaliani na wazo hilo hata kidogo. Mwaka 1999 mwimbaji Bruce Dickinson na mcharaza gitaa Adrian Smith waliporudi Iron Maiden, Janick Gers aliyekuwa ameshika nafasi ya Smith tangu 1990 hakuondolewa. Bendi ikawa na magitaa matatu, na mwaka 2000 wakatoa albamu ambayo kila mtu aliiona kuwa ya bendi iliyopona. Miaka mingi imepita na magitaa bado ni matatu. Kijana wetu amebeba vyombo, amelipia fundi, amewafundisha wadogo zake. Abaki.

Liko pia suala la mpiga besi wetu, Mungu amrehemu. Nimesikia hoja kwamba kwa kuwa yeye hayupo, hakuna kurudiana kunakowezekana. Pantera waliulizwa swali hilihili kwa ukali zaidi. Mcharaza gitaa wao, Dimebag Darrell, aliuawa jukwaani Desemba 2004, na kaka yake Vinnie Paul, mpiga dramu, akafariki mwaka 2018. Mwaka 2022 waliobaki, Phil Anselmo na Rex Brown, walirudi wakiwa na Zakk Wylde kwenye gitaa na Charlie Benante wa Anthrax kwenye dramu. Wapo walioona ni heshima kwa marehemu, wapo walioona jina limetumiwa vibaya. Mimi naona aliyekufa haachi nafasi wazi kwa namna ile ile ya aliye hai ambaye hakuitwa. Sehemu za marehemu wetu zipigwe kama alivyozipiga, na mdogo wake, ambaye amezishika zote kichwani, ndiye apewe besi ile. Familia imeshaulizwa na imeridhia.

Kinachonisumbua zaidi ni bendi inayoaga au kurudi huku waasisi wake walio hai wakiwa nje. Sepultura walianza ziara yao ya kuaga mwaka 2024 bila Max wala Igor Cavalera, ndugu wawili walioianzisha bendi. Slayer nao waliporudi mwaka huohuo walirudi na kikosi kilichokuwepo walipostaafu mwaka 2019, yaani Gary Holt na Paul Bostaph wakiwa pamoja na Tom Araya na Kerry King, na Dave Lombardo, mpiga dramu mwasisi, hakuwemo. Wana haki yao na wanapiga vizuri sana. Lakini kwa chama kidogo kama chetu, ambamo watu hawa ni shemeji zetu, majirani zetu na wajomba wa watoto wetu, kumwacha mwasisi aliye hai nje ya mlango ni jambo ambalo hatutaweza kuishi nalo mtaani.

Na kama mpiga dramu atakataa? Basi onyesho lifanyike, ila lisitumie jina la bendi. Iommi, Butler, mwimbaji Ronnie James Dio na mpiga dramu Vinny Appice walipokutana tena mwaka 2006 hawakujiita Black Sabbath ingawa wote wanne walishawahi kuwa ndani yake. Walijiita Heaven & Hell, kwa jina la albamu ya Black Sabbath ya 1980, na mnunuzi wa tiketi alijua anakwenda kusikia nini.

Mwimbaji wa kwanza amethibitisha kuwa atakuja na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam wikiendi yoyote tutakayompangia. Mwimbaji wa pili atapewa nusu ya mwisho ya onyesho, na wawili hao wameshazungumza kwa simu bila mimi kuwepo, jambo lililonifurahisha sana. Mcharaza solo wa zamani aliyeko Mwanza ameshauza gitaa lake, na tumekubaliana kumwazima moja la chama.

Naomba mkutano uidhinishe ujumbe wa watu watatu, akiwemo mwanachama mmoja kutoka kila upande wa mvutano wetu, uende Singida kabla ya mvua za Desemba ukiwa na rasimu ya mapatano mkononi. Usiende kumshawishi kwa maneno matamu. Uende kumsikiliza kwanza, umsomee rasimu, na arekebishe anachotaka kurekebisha.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dodoma