Barua ya Kufunga Muhula: Taa za Sola za Shule na Zahanati Yetu

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA UTUNZAJI WA TAA ZA SOLA

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule yetu inafungwa Ijumaa ya wiki hii. Ripoti ya maendeleo ya kila mwanafunzi imeambatanishwa na barua hii, na ninaomba isomwe na mzazi mwenyewe, itiwe saini na kurejeshwa siku ya kufungua. Masuala ya sare, madaftari na chakula cha mchana yameelezwa katika karatasi ya pili, kwa kuwa barua hii nimeamua kuitoa yote kwa jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza njiani, mwaloni (mitumbwi inakotia nanga) na hata msibani, yaani taa za sola zilizofungwa muhula huu katika madarasa matatu ya shule na katika zahanati ya kijiji, na mambo tunayopaswa kuyafanya ili zisizimike.

Wazazi wenye watoto wakubwa mnakumbuka kwamba hii si mara ya kwanza kwa paa la shule hii kubeba paneli. Mfumo wa awali uliletwa kwa nia njema, ukazinduliwa kwa ngoma, ukawaka kwa miaka michache, kisha betri zikachoka na hapakuwa na fedha wala mtu aliyepewa jukumu la kuzibadilisha. Paneli zenyewe hazikuwa na ubovu wowote. Paneli nzuri hudumu miaka 20 hadi 25, wakati betri za risasi na asidi, hata zikitunzwa vizuri, hudumu takriban miaka 3 hadi 5 tu. Tofauti hiyo ya umri imezima taa za shule na zahanati nyingi vijijini, nami ningependa tuizungumze sasa, mwanga ukiwa bado mpya na kila mtu akiufurahia.

Kisiwa chetu ni kimojawapo cha visiwa vidogo vya Ukerewe, katika Ziwa Victoria, ambavyo nguzo za umeme hazivifikii kwa urahisi. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha umeme katika vijiji vingi sana vya Tanzania Bara, lakini maji ya ziwa yana gharama zake. Jirani zetu wa Bwisya, kisiwani Ukara, walipata gridi ndogo ya sola, yaani mtambo mmoja unaosambaza umeme kwa nyumba nyingi, mwaka 2016, na walioko huko ndugu zenu wamekwisha kuwaeleza faida yake. Januari 2025 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunga mkono mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani ifikapo mwaka 2030. Nautakia mpango huo kila la heri. Hata hivyo, mtoto aliyeko Darasa la Nne leo atakuwa ameondoka shuleni hapa kabla ya mwaka huo kufika, na mama anayetarajia kujifungua mwezi ujao hawezi kungoja mkutano mwingine; kwa hiyo paneli zilizopo juu ya mapaa yetu ndizo umeme wetu kwa sasa, na tuzihesabu hivyo.

Upande wa shule, tulichopokea kupitia halmashauri ni paneli mbili za wati 200 kila moja, betri mbili kubwa za risasi, kontrola (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia na kutoka kwenye betri), inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa majumbani) na taa za LED, yaani taa zinazotumia umeme kidogo. Kila darasa kati ya yale matatu lina taa nne za wati 9. Madarasa yote matatu kwa pamoja hutumia wati 108, ambazo kwa saa mbili za masomo ya jioni ni umeme mdogo sana. Naeleza hesabu hii kwa sababu baadhi yenu mmeomba, kwa heshima, ruhusa ya kunyooshea nguo shuleni siku za sikukuu. Pasi ya kawaida ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa moja tu hula umeme unaotosha masomo ya jioni ya zaidi ya siku nne, na inveta tuliyo nayo haina hata nguvu ya kuibeba. Jibu langu kwa ombi hilo litabaki kuwa hapana, na sitarajii mtu yeyote alichukue kama dharau.

Wavuvi wa dagaa miongoni mwenu mnalielewa jambo hili kuliko walimu. Mliacha karabai mkahamia taa za betri kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanakula faida ya usiku mzima, na kila mmoja wenu anajua kwamba betri ikikamuliwa mpaka mwisho mara kwa mara haimalizi hata mwaka. Betri ya risasi haipendi kushuka chini ya nusu ya ujazo wake. Ikishushwa na kuachwa hivyo, sahani zake za ndani huganda chumvi ya salfeti isiyoondoka tena, na chaji yake hupungua siku hadi siku hadi taa zinapoanza kufifia kabla masomo hayajaisha. Kwa sababu hiyo kontrola imewekwa ikate umeme mapema. Taa zikizimika zenyewe baada ya siku mbili tatu za mawingu, mfumo unajilinda. Asitokee mtu wa kuunganisha waya moja kwa moja kwenye betri ili kuipita kontrola, kama ilivyopata kufanyika zamani.

Kuhusu simu, Kamati ya Shule imekubali utaratibu ambao mimi binafsi niliusitia mwanzoni, kisha nikaukubali baada ya fundi kuufafanua. Jua la kisiwani kwetu likishapanda vizuri, betri hujaa kufikia mchana, na baada ya hapo kontrola huzuia umeme wa ziada usiingie, kwa hiyo unapotea bure. Simu zikichajiwa kati ya saa 6 na saa 9 mchana zinatumia umeme huo wa ziada na hazigusi akiba ya usiku. Basi simu zitapokelewa katika saa hizo tu, kwa shilingi 300 kila moja, na fedha yote itaandikwa katika daftari ambalo mzazi yeyote ana haki ya kulikagua ofisini kwangu. Siku za mvua simu hazitapokelewa kabisa, hata kama ni ya Mwalimu Mkuu.

Fedha hiyo ni ya betri zijazo, wala haitanunua chaki. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, sehemu yake ikienda kwenye vitabu na inayobaki ikigawanywa kati ya mitihani, ukarabati, michezo na shughuli za ofisi. Hakuna mwalimu mkuu anayeweza kubana kutoka humo bei ya betri mbili kubwa kwa mkupuo mmoja. Mwenye mtumbwi hasubiri nyavu zioze ndipo aanze kutafuta fedha ya nyavu nyingine. Akaunti ya shule imefunguliwa kasma (fungu maalumu la fedha) ya betri, na kila robo mwaka taarifa yake itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Mzazi anayetaka kuchangia zaidi atapokewa kwa shukrani na kupewa stakabadhi. Kwa vile elimu ya msingi hutolewa bila ada tangu mwaka 2016, mchango huo ni wa hiari, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kutajwa mstarini kwa sababu mzazi wake hakutoa.

Sasa niseme juu ya zahanati, ambako nadhani ndiko taa hizi zimefanya kazi nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa ripoti mwaka 2023 wakieleza kwamba watu karibu bilioni moja katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini wanahudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa, na kwamba kusini mwa Sahara takriban asilimia 15 ya vituo havina umeme wowote. Sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo. Akina mama wa kijiji hiki wamejifungua kwa mwanga wa tochi aliyoibana muuguzi kati ya shavu na bega, na wengine kwa mwanga wa simu ya shangazi aliyewasindikiza. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, dakika zinazopotea katika kutafuta taa, kutafuta dawa na kuona mahali pa kushona ni dakika za uhai wake. Na kutoka kisiwani kwetu rufaa ya usiku maana yake ni mtumbwi.

Mfumo uliofungwa zahanati ni wa aina ya sanduku, uliobuniwa na daktari wa uzazi wa Marekani, Laura Stachel, pamoja na mumewe Hal Aronson, baada ya daktari huyo kushuhudia mwaka 2008 upasuaji ukikatizwa na kukosekana kwa umeme katika hospitali moja ya kaskazini mwa Nigeria. Ndani ya sanduku mna taa za LED za chumba cha kujifungulia, taa za kuvaa kichwani, sehemu ya kuchaji simu ya zahanati na kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Betri yake ni ya lithiamu, haihitaji kuongezwa maji, na hudumu zaidi ya zile za kwetu. Friji ya chanjo ina paneli yake peke yake, kwa sababu chanjo lazima zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 mchana na usiku. Mganga Mfawidhi ameniomba niwafikishie ombi lake kwa maneno yasiyopindwa: asiombwe na mtu yeyote, awe kiongozi au jamaa, kuchomeka simu au redio kwenye mifumo hiyo. Namuunga mkono kikamilifu. Simu zina mahali pake, na mahali pake ni shuleni mchana.

Paneli za shule zitasafishwa asubuhi, kabla hazijapata moto, kwa maji safi na kitambaa laini, kwa sababu vumbi na kinyesi cha ndege wa ziwani hupunguza umeme kwa kiasi kinachoonekana. Kazi hiyo ni ya mlinzi na mwalimu wa zamu. Watoto hawatapanda juu ya paa. Maji ya betri huongezwa na fundi mmoja wa kijiji na mama mmoja mjumbe wa Kamati, ambao wamefundishwa kazi hiyo. Kamati ilisisitiza mmoja awe mama mwenye makazi ya kudumu hapa, kwa kuwa vijana tunaowafundisha ufundi huhamia Mwanza mara tu wanapouzoea. Ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri, si ya ziwani wala ya mvua.

Kuna jambo la hatari ambalo ni lazima niliandike. Betri za mfumo wa zamani zilitoweka stoo, na nimesikia kwamba risasi yake iliyeyushwa ili kutengeneza vizito vya nyavu. Sitafuti mtu wa kumlaumu. Lakini moshi na vumbi la risasi huingia mwilini, na kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo kwa namna isiyorekebishika, hata kama haonekani mgonjwa. Tafadhali msiyeyushe betri nyumbani, na msimwage asidi yake karibu na maji. Betri chakavu ina thamani ikiwa nzima, hivyo zetu zitakapochoka zitauzwa kwa wanunuzi wa betri mjini, na fedha hiyo itaingia kwenye kasma niliyoitaja.

Masomo ya jioni yatakapoendelea mwakani yatakuwa ya Darasa la Nne na la Saba, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 2:30 usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. Mtoto wa kike hataondoka shuleni peke yake. Kila kitongoji kitateua wazazi wawili wa zamu wa kuwafuata watoto, na kitongoji kisichokuwa na wazazi wa zamu watoto wake hawatabaki jioni, ingawa itaniuma kuwarudisha. Naomba pia tuelewane kuhusu siku za giza, yaani zisizo na mbalamwezi, ambapo wavuvi huingia ziwani na wavulana wa madarasa ya juu hukosekana shuleni kwa sababu wamekesha wakivuta nyavu au wameamkia kuanika dagaa. Taa hazimsaidii mtoto ambaye hayupo. Katika muhula huu madaftari ya mahudhurio yanaonyesha mapengo yale yale ya kila mwezi, na kwa hilo nitazungumza na wazazi husika mmoja mmoja.

Kwa familia ambazo bado zinatumia vibatari, taa ndogo ya sola ya mezani inatosha kusomea na haitoi moshi. Miaka ya 2010 shirika la SolarAid, kupitia kampuni yake ya SunnyMoney, liliwatumia walimu wakuu wa Tanzania na nchi jirani kuwafikishia wazazi taa za aina hiyo, na zipo nyumba hapa ambazo zilianza nazo. Leo zinapatikana madukani Nansio. Chagueni yenye dhamana ya maandishi, kwa maana nyingi za bei ya chini kabisa hufa kabla ya muhula kuisha.

Mkutano wa wazazi utafanyika Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa 4 asubuhi, katika chumba cha kwanza cha darasa upande wa ziwani. Ajenda ni mbili: kuthibitisha wazazi wa zamu wa kila kitongoji, na kupitisha sheria ndogo za matumizi ya taa ili Serikali ya Kijiji iziandike katika muhtasari wake. Fundi atakuwepo na atafungua chumba cha betri ili kila anayetaka kuona aone.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu

Nakala:
Mwenyekiti, Kamati ya Shule
Afisa Mtendaji wa Kijiji
Mganga Mfawidhi, Zahanati ya Kijiji